Skrubu Yenye Tone la Rangi

"Wifi, umegusa mashine yangu?"

"Mimi? Niguse hilo dude linalolia kama paka aliyebanwa na mlango? Nina wazimu?"

Kinanda hakucheka. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya sintesaiza yake, kabati la mbao lililojaa vipande vya kutengenezea sauti, vimeunganishwa kwa nyaya za kila rangi. Kipande kikuu, oskileta, ndicho kinachozaa sauti. Kipande cha pembeni hupeleka wimbi la polepole ili sauti hiyo itetemeke kama ya mwimbaji. Jana ilitetemeka vizuri. Leo, wimbi likiingia tu, sauti inarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

Ilikuwa saa nane mchana. Rekodi yake ilitakiwa kufika saa kumi na mbili jioni.

"Tangu uje kukaa hapa, miezi miwili sasa, kelele zangu zinakukera. Sema tu ukweli."

"Zinanikera, ndiyo! Lakini mimi hata betri ya rimoti nabadilishiwa. Muulize mumeo," wifi alisema, akabeba beseni lake la nguo na kutoka.

Mume wa Kinanda alikuwa amesimama mlangoni. Mtaani walimwita Miwani, kwa kuwa alikuwa fundi wa miwani kwenye kibanda cha barabarani. Siku zote alishinda huko mpaka jioni. Leo karudi mchana, na hakusema amefuata nini.

"Imeharibika?" aliuliza. "Sasa utampigia nani?"

Swali hilo likamkaa vibaya Kinanda. Mtu huuliza kimetokea nini. Yeye anauliza atapigiwa nani!

"Nitampigia fundi aliyeniuzia. Nani mwingine?"

"Ahaa. Fundi." Miwani akavuta kiti, akaketi. "Weka spika, na sisi tusikie. Au kuna siri?"

Siri ilikuwepo. Kinanda alibonyeza spika.

"Fundi, sauti inaruka. Uko kwenye spika, mume wangu yupo hapa."

Fundi akakohoa kwanza. Kikohozi kile Miwani akakipokea kwa kutikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa risiti.

"Habari za leo, shemeji. Haya, dada, chomoa waya wa wimbi. Sauti inasemaje?"

"Nota za chini ziko sawa. Nikipanda juu, zinapotea njia."

"Basi wimbi halina kosa, limeonyesha tu ugonjwa uliopo. Umebadilisha waya wa kibodi?"

"Nimebadilisha."

"Mashine imepata joto?"

"Inawaka tangu asubuhi."

"Zima, ufungue oskileta, uigeuze. Nyuma kuna skrubu ndogo ya kurekebisha nota. Niliifunga kwa tone la rangi nyekundu. Rangi ipo?"

Kinanda aliigeuza, akaisogeza dirishani. Rangi ilikuwa imepasuka. Kichwa cha skrubu kilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa.

"Imepasuka, Fundi."

"Basi kuna mtu kaizungusha. Na hakutumia kisu. Kaskrubu hako kanataka bisibisi ya mafundi saa. Au mafundi miwani."

Kinanda aliinua macho polepole mpaka mfukoni mwa shati la mumewe. Bisibisi tatu nyembamba zilikuwa zimechomekwa pale, zimepangana kama kalamu.

"Ni wewe."

Miwani alitazama sakafu. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nione utamkimbilia nani." Kisha akaikariri, neno kwa neno: "'Usimwambie bwana bado. Mambo yakiiva ndiyo ajue.' Meseji iliyoingia Jumanne asubuhi ukiwa unaoga, namba haina jina. Mambo gani hayo yanayoiva, mke wangu?"

"Shemeji, naomba niseme..." Fundi alianza.

"Nyamaza!" walimkatiza wote wawili kwa pamoja.

Kinanda aliketi kitandani. "Kuna studio inatafuta mtu wa kwenda kutengeneza muziki kwao miezi mitatu. Mji mwingine. Fundi ndiye aliyewapa jina langu, na rekodi ya leo wanaisubiri wao. Tukakubaliana tufunge midomo mpaka wajibu."

"Kwa nini usiniambie mimi?"

"Kwa sababu ya hiki ulichokifanya! Nilipoalikwa kupiga ukumbini mara ya kwanza, uliumwa tumbo siku tatu mpaka nikaghairi."

"Nne," wifi alidakia kutoka uani. "Dawa nilimletea mimi."

Miwani alijifuta uso kwa kiganja. "Kwa hiyo hakuna mwanaume."

"Hakuna. Ila ulikuwa radhi kuniharibia kazi ya miaka miwili ili upate uhakika."

Neno hilo lilimwingia Miwani.

"Utaniacha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Nina saa tatu tu. Njoo uzungushe ulichokizungusha."

Akaja. Yeye alishika bisibisi, mkewe akawasha mashine, akapiga nota ya chini, kisha ya juu.

"Kushoto. Kidogo! Umepitiliza. Rudi."

Walirudia mara ishirini na kitu, bila kutazamana.

"Hapohapo!" Fundi alipiga kelele simuni. "Usiguse tena!"

Kinanda alichomeka waya wa wimbi. Sauti ikatetemeka, laini, ikatulia kwenye nota yake. Rekodi ilitumwa zikiwa zimebaki dakika kumi. Kisha Kinanda akatoka kwenda uani.

"Wifi, nisamehe. Nilikunyooshea kidole."

"Kidole? Ulininyooshea mkono mzima. Haya, shika pembe ya shuka hili tukunje."

Jibu la studio lilikuja siku ya tatu. Kinanda hakulisoma. Alimpa mumewe simu.

"Soma wewe."

Miwani alisoma, akamrudishia simu. "Wanakuita. Utaenda?"

"Naenda. Bado nina hasira na wewe, na sitaki kuondoka nayo. Kama una swali, uliza sasa."

"Utarudi?"

"Nitarudi, ilimradi nikute mtu ninayeweza kumletea habari njema bila kuogopa."

Siku ya safari Miwani hakufungua kibanda. Alivifunga vipande vya mashine kimoja kimoja kwa vitambaa laini, akambebea mpaka kituoni. Basi lilikuwa limeshaondoka meseji ilipoingia:

"Nimempigia Fundi nikamwomba radhi. Amenicheka sana. Na wewe naomba unisamehe, mke wangu. Sikuharibu skrubu peke yake."

Kinanda aliisoma mara mbili, akampigia. Akaanza kumsimulia yote tangu siku ya kwanza alipoitwa, hata yale aliyoyaonea aibu. Miwani alisikiliza, akiuliza hapa na pale. Basi lilipoingia mjini, chaji ilikuwa imebaki asilimia mbili, na bado alikuwa hajamaliza.