Sauti Mbele ya Mtumbwi

Mwili ulilala kifudifudi chini ya miporomoko ya maji, mguu mmoja umenaswa kati ya mawe mawili, kana kwamba mto ulitaka kuondoka na mtu wake na mawe yakakataa. Mtumbwi mwekundu ulikuwa umepinduka karibu yake, ubavu umepasuka.

Inspekta alivua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia majini.

"Afande, maji ya baridi hayo," Sajini alisema akiwa ukingoni.

"Njoo uyapashe moto."

Sajini aliingia akilalama. Kituoni walimwita Kiroboto, kwa udogo wake na kwa kutotulia mahali. Lakini alipoushika mwili wa marehemu, mikono yake ilitulia. Waliugeuza taratibu. Uso ulikuwa mzima, macho wazi. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshangaa.

"Nahodha," alisema Sajini kwa sauti ya chini. "Masikini. Huyu ndiye aliyewafundisha makasia askari wote wa hifadhi."

Nahodha lilikuwa jina la utani tu, lakini mwenyewe hakuwa na jina jingine katika hifadhi ile. Alikuwa mwongozaji. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni msituni kwa mtumbwi, ziwa hadi ziwa, wakilala kwenye mahema na kurudi wamechoka na wamefurahi. Safari hii hakuwa na wageni. Aliingia na ndugu wa mkewe kukagua njia kabla msimu haujafunguliwa. Mtu na mkewe, watembeaji wenye mashanta mgongoni, ndio walioukuta mwili saa za alasiri, huyo ndugu ameketi ukingoni, wakakimbia kutoa taarifa.

Inspekta aliinama karibu zaidi. Alikuwa ameona mambo mawili. Mabega ya marehemu yalikuwa na michubuko, kulia na kushoto, sawasawa. Na kwenye ubavu uliopasuka wa mtumbwi ulikuwa umeganda ukoga mkavu wa kijivu. Alipapasa mawe ya mtoni. Yalikuwa na utelezi wa kijani.

Alitoka majini akaenda kwa yule ndugu aliyeokoka.

Wote walimwita Shemeji. Nahodha alimwita hivyo kwa miaka mingi hadi watu wakalisahau jina lake halisi. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana, amejifunika blanketi, nguo zimelowa chapachapa.

"Eleza tena," alisema Inspekta.

"Nimeshamweleza huyu mdogo."

"Sasa mweleze mkubwa."

Shemeji alipumua. "Tulifika juu ya miporomoko. Mashanta tuliyabeba kwa miguu mpaka huku chini. Tukarudi kuchukua mtumbwi. Nahodha akasema maji yanapitika, tuupitishe mtoni ukiwa mtupu. Tukapanda. Jiwe likatupindua. Mimi nikadaka mzizi. Yeye akapelekwa."

"Wazo lilikuwa la nani?"

"Lake."

"Alikuwa mtu wa kubahatisha?"

Shemeji alivuta blanketi. "Kila mtu ana siku yake, mama."

"Jaketi la kuokolea?"

"Mimi nilivaa. Yeye alivua, akasema joto."

"Mtumbwi hamkuubeba kabisa?"

"Nimeshasema. Hatukuubeba."

"Pole sana kwa msiba," alisema Inspekta, akaondoka.

*

Kesho yake asubuhi, daktari wa uchunguzi wa maiti alivua glavu akazitupa kwenye ndoo.

"Mtu wako hakufa maji."

"Nilishahisi hivyo."

"Basi kama unajua, kwa nini umenitoa kitandani alfajiri?" Daktari alicheka peke yake, kisha akaacha. "Mapafu hayana maji. Shingo imevunjika. Ameanguka kutoka juu, akatua vibaya, akafa papo hapo. Mto ulimpokea akiwa maiti."

"Na mabega?"

"Alikuwa hai alipoyapata. Muda mfupi kabla ya kufa alibeba kitu kizito kwa mabega yote mawili kwa pamoja. Kama ng'ombe aliyefungwa nira."

"Saa ngapi alikufa?"

"Adhuhuri, jua likiwa utosini. Sitakudanganya kwa dakika."

Inspekta alishukuru, akamwambia Sajini awashe gari.

*

Karakana ya mitumbwi ilikuwa nyuma ya lango la hifadhi, chumba kirefu chenye harufu ya vanishi na vumbi la mbao. Mitumbwi ilining'inia darini. Mjane wa Nahodha alikuwa amekaa kwenye kigoda anapiga msasa kasia lililokwisha kulainika zamani. Hakuacha walipoingia.

"Kaeni popote. Viti vina rangi mbichi, mtanisamehe."

"Pole, dada yangu," alisema Inspekta, akabaki amesimama. "Nina swali la kazi. Mtu akibeba mtumbwi peke yake, anaubebaje?"

Mjane alimtazama, kisha akanyoosha kasia kuelekea darini. "Ile mbao iliyokatiza katikati, tunaiita nira. Unaupindua mtumbwi, nira inakaa mabegani, kichwa kinaingia ndani. Unatembea."

"Unaona njia?"

"Unaona vidole vyako vya miguu. Basi. Ndiyo maana mwenzako anatangulia mbele anakuita. Jiwe kulia. Mzizi. Inama. Kata kushoto. Nyoosha. Na wewe huulizi swali. Anayeuliza maswali chini ya mtumbwi anaanguka. Mume wangu aliwaambia wageni: ukiingia humo ndani, macho yako anayo mwenzako." Msasa ulisimama. "Kwa nini unauliza? Si waliupitisha mtoni?"

Inspekta hakuwa mtu wa kuzungusha maneno kwa mfiwa. Alimwambia habari za mabega, shingo na ukoga mkavu.

Kasia lilianguka sakafuni.

"Walikuwa na ugomvi?" aliuliza Inspekta.

"Hapana."

"Dada."

"Hapana! Ulikuwa... haukuwa ugomvi." Mjane alijifuta vumbi usoni, akajipaka zaidi. "Macho ya kaka yanafifia. Msimu uliopita aliwaingiza wageni kwenye mkondo wa mawe, jioni. Mume wangu aliruka akawatoa mmoja mmoja. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Akasema kaka hawezi kuongoza watu tena, abaki hapa karakana nami. Wakaenda wawili tu ili amwambie huko msituni, mbali na watu, asiaibike."

"Na kaka yako ni mtu wa namna gani akiaibika?"

"Kaka yangu alinilea. Alinifundisha kuogelea kwa kunitupa majini, halafu anaruka kabla sijalia. Akiambiwa hawezi, hapo hapo atafanya hata akifa." Alisimama, akamshika Inspekta mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu. "Nisikilize. Kama alimwita vibaya, ni macho. Hakuuona ukingo. Ni macho, si moyo. Jana nilikuwa na wanaume wawili. Mmoja amelala kwenye friji yenu. Niambie kama na huyu mwingine nimempoteza."

"Hilo ndilo ninalolitafuta. Nitahitaji mtumbwi kama ule, niipite njia yao."

"Basi tunalitafuta sote. Mtumbwi wangu hautoki hapa bila mimi."

*

Njia ya mabegani, ile ya kubebea mitumbwi, ilianza juu ya miporomoko, nyembamba, imepinda kwenye mawe na mizizi. Askari wa hifadhi waliushusha mtumbwi, pacha wa ule uliopasuka. Shemeji aliletwa. Alimtazama dada yake, kisha mtumbwi.

"Mnataka nini tena?"

"Nataka kuubeba," alisema Inspekta. "Wewe utaniita."

"Kwa nini mimi?"

"Umeifanya kazi hii maisha yako yote. Ama niite mwingine? Wanasema huoni vizuri."

Mishipa ya shingo ya Shemeji ilisimama. "Nani anasema?"

 Sajini alikuwa amefunga kamba kwenye tezi, nyuma ya mtumbwi, akajizungushia ncha kiunoni. "Afande, ukianguka na mimi naanguka. Mke wangu atakuuliza."

"Mke wako atanishukuru. Shika kamba."

Alipoinuka na mtumbwi, dunia ilizimika. Palikuwa na giza jekundu, pumzi yake mwenyewe, na ncha za viatu vyake. Nira iliuma mabegani papo hapo. Alielewa mara moja jinsi mtu anavyoweza kuwa peke yake mchana kweupe. Akasubiri.

"Twende," ilisema sauti mbele. "Jiwe kushoto. Mzizi, inua mguu. Mwingine. Inama, tawi."

Tawi lilikwaruza juu ya mtumbwi.

"Nyoosha. Kuna utelezi, kanyaga kulia." Sauti ilikuwa nzuri, ya kutulia, sauti ya kumwamini. Ikazidi kupanda. "Hapo chini kuna kijiti, usikikanyage. Mnasema sioni? Pembeni ya mguu wako wa kulia kuna konokono amekaa kwenye jiwe. Mdogo kama kitufe cha shati. Mwangalie!"

Inspekta aliangalia. Konokono alikuwepo.

"Kaka, nyamaza," alisema mjane kutoka nyuma. Hakuna aliyemsikia isipokuwa Sajini.

"Sasa kata kushoto," iliita sauti. "Kushoto kabisa, mama. Mbele hapana kitu."

Inspekta alisimama, akautua mtumbwi. Mwanga ukamchoma. Hatua tatu mbele yake njia ilikata kushoto, na aliyenyoosha alikuwa amemaliza safari. Jiwe kubwa lililoota ukoga wa kijivu, kavu, lilichomoza juu ya hewa tupu. Chini kabisa mto ulichemka. Kwenye ukingo wa jiwe ukoga ulikuwa umekwanguliwa, na mahali pake palikuwa na mstari mwekundu wa rangi.

"Mtumbwi ulipita mtoni," alisema Inspekta. "Rangi yake imepandaje huku?"

Shemeji alitazama ule mstari. 

"Nguo zako zililowa kwa sababu ulishuka ukaingia mwenyewe majini."

Shemeji aligeuka kutazama mto kule chini.

"Mlikuwa hapa saa ngapi?"

"Mchana," alisema Shemeji. "Jua kama hili."

Mjane alipita katikati ya askari, akasimama mbele ya kaka yake, mgongo wake kwenye lile shimo. "Kaka. Sema hukuona."

"Mdogo wangu, toka hapo ukingoni."

"Sema hukuona! Macho yako ni mabovu, kila mtu anajua, hakimu ataelewa. Sema, nikuletee chakula huko watakakokuweka, nikusubiri. Sema tu."

Inspekta alirudi hatua moja nyuma. Mlango ulikuwa wazi, na sheria ilimruhusu mtu kuupitia. Neno moja tu lingetosha. Hata konokono angepatiwa maelezo na wakili mwenye ulimi.

Shemeji alimshika dada yake mabega, akamsogeza taratibu mpaka penye usalama. Akaketi chini.

"Jioni ndipo huniingia ukungu," alisema. "Mchana naona kama mwewe. Nilimwambia hivyo. Akasema, 'Najua, lakini msituni kuna jioni kila siku.' Alisema kwa upole. Tulikuwa tumekaa pale juu tunakunywa maji, akaniwekea mkono begani kama unavyomwekea mgonjwa. Angenitukana ningemrudishia, tukacheka, tukaendelea. Huruma yake ndiyo iliyonichoma. Mimi ndiye niliyemwingiza hifadhini. Mimi nilimfundisha kushika kasia, akiwa hajui mbele wala nyuma ya mtumbwi! Leo nikae karakana nipige msasa, wageni wapite waulize yule mzee ni nani."

"Endelea," alisema Inspekta.

"Akasimama, akauinua mtumbwi. Akasema, 'Tangulia, shemeji, niite.' Kama siku zote. Ametoka kuniambia sifai kumwongoza mtu, halafu ananikabidhi shingo yake. Nikadhani ananidhihaki. Nikatangulia. Nilimwita vizuri njia nzima, kila jiwe, kila mzizi. Tukafika hapa. Nikauona ukingo, nikauona mto, nikaliona hata povu lake. Nikasogea pembeni nikampisha. Nikasema, 'Nyoosha.'"

Sajini alifungua pingu, akazishika tu, kama aliyesahau zinavyofanya kazi.

"Ulitaka afe?" aliuliza Inspekta.

"Nilitaka kwa muda wa neno moja. Lilipotoka nikataka kulirudisha. Lilikuwa limeshafika kwake." Alinyoosha mikono, Sajini akamfunga. "Andika niliona. Usiandike macho. Nimemuua nikiwa naona."

Mjane alikuwa hajalia. Alimtazama kaka yake muda mrefu, uso wote una vumbi la mbao.

"Ulipomwambia anyooshe," aliuliza, "alisema nini?"

Shemeji alitikisa kichwa.

"Nina haki ya kujua. Alisema nini?"

"Alisema, 'Haya.'"

Mjane aligeuka. Alishika njia ya kushoto, akaanza kuteremka peke yake, na hakumngoja mtu.