Binti Anayetisha Mafriji

Baba alikuwa na mashine mbili: cherehani na mdomo. Cherehani ilihitaji mafuta. Mdomo haukuhitaji.

Binti yake alisoma ufundi wa majokofu chuoni, mwaka wa pili. Chuo kilitaka kila mwanafunzi ajitafutie mahali pa kujifunza kazi wakati wa likizo. Asiyepata, anarudia mwaka. Likizo ilikaribia, na binti hakumjua fundi hata mmoja nje ya chuo.

"Niachie mimi," baba alisema.

Tangu hapo, kila mteja aliyekuja kupimwa suruali alipimwa masikio pia. "Binti yangu akilitazama friji bovu, linaogopa, linapoa lenyewe!"

Mwenye bucha akasadiki. Asubuhi moja alikuja mbio. "Friji langu limekufa! Yuko wapi huyo anayetisha mafriji?"

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. "Samahani, mzee. Mimi bado najifunza."

Mwenye bucha aliondoka akisonya.

"Baba, umeniharibia!"

"Nilikutafutia watu, mwanangu."

Jirani yao, msimamizi wa ghala la maziwa, alikuwa pale akisubiri gauni lake. Alicheka hadi akajifuta machozi.

"Watu hawatafutwi kwa kupigiwa debe," alisema. "Njoo ghalani. Sikupi nafasi, nakupa mtu. Fundi mkuu wetu."

"Nikamwambie nini, mama?"

"Ukweli. Unasoma nini, mwaka wa ngapi. Kisha muulize jambo la kazi yake. Akikufunza, kalifanyie kazi, halafu rudi umwambie limekufaa vipi. Mtu hakumbuki aliyemwomba. Hukumbuka aliyerudi."

"Na wenzangu darasani?"

"Hao ndio mafundi wakuu wa kesho. Ukisikia neno la kuwafaa, wape. Usingoje shida ndipo ukumbuke watu."

Binti alikwenda, akamkuta fundi mkuu kazini. Chumba cha maziwa kilivuma kama mzinga wa nyuki.

"Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa majokofu, mwaka wa pili. Naomba kuuliza. Mbona bomba lile limeota barafu nene?"

"Marahaba. Wewe unadhani kwa nini?"

Alijibu. Alikosea. Fundi mkuu akamwonyesha chujio lililozibwa na vumbi. "Hewa haipiti. Umeona?"

Chuoni kulikuwa na mashine iliyoganda vilevile. Binti na mwenzake wa dawati wakasafisha chujio lake. Barafu ikayeyuka. Wiki iliyofuata alirudi ghalani.

"Asante, fundi. Ilikuwa vumbi tupu!"

Fundi mkuu akaweka spana chini. "Wengi huuliza. Wewe umerudi." Akamjulisha kwa mafundi wenzake.

Alipokwenda mara nyingine, binti aliomba nafasi ya likizo.

"Ziko mbili," alisema fundi mkuu. "Moja yako. Nyingine, unamjua nani mchapakazi?"

"Mwenzangu wa dawati. Naye bado hajapata."

Binti akamtajia na friji la bucha, lililokuwa bado bovu. Likizo ilipoanza, fundi mkuu aliwachukua wote wawili wakalitengeneze. Likapoa.

Jioni mwenye bucha alipita kwa fundi cherehani. "Kumbe ulisema kweli! Binti anaweza."

Baba akafungua mdomo. Akamtazama binti yake. Akaufunga.

"Anajifunza," alisema. "Muulize mwenyewe."

Mwenye bucha alipofika mlangoni, baba akashindwa kuvumilia.

"Ila friji letu la nyumbani, mzee, siku hizi likimwona linamwamkia!"