Namba Iliyopanda kwa Sita

Haya yalimpata rafiki yangu, mhandisi wa mazingira, na huruma yangu kwake ni ndogo.

Kabla ya kwenda kupima kelele za kiwanda kimoja, alizoea kuwapigia wenyewe simu. Wanazima mitambo mikubwa, anapima, anaandika: "Kelele zipo ndani ya kiwango." Bibi wa nyumba ya jirani, aliyekuwa hapati usingizi, alimwomba, "Mjukuu wangu, siku moja njoo bila kupiga simu." Jamaa alicheka tu. Bibi akafa.

Mwezi uliopita binti wa yule bibi alilalamika upya. Rafiki yangu akaenda mchana, siku ambayo kiwanda kimefungwa, ili kwanza apime ukimya wa nyumba. Alifunga madirisha ya mbao ya chumba cha bibi, giza likatanda, ikabaki taa ndogo ya kifaa cha kupimia sauti. Hakusikia hata mbu.

Kifaa kilisoma desibeli thelathini. Kisha thelathini na sita. Arobaini na mbili.

"Kimeharibika hiki," alijisemea, ila jasho lilishaanza kumtoka. Kazini kwao wanajua: chenye kelele kikikukaribia kwa nusu ya umbali, namba hupanda kwa sita.

Arobaini na nane ilishapita. Sasa hamsini na nne. Sitini. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Bibi," alinong'ona, "safari hii sijampigia mtu simu."

Namba ilisimama kwenye themanini na nne, kiwango cha mtu anayekusemesha mdomo ukiwa sikioni, na rafiki yangu hasikii chochote.