Mshono wa Tatu

Momanyi si mtu wa porojo, ndiyo maana nilimwamini. Mwaka wa 1968 alikuwa akionyesha sinema katika ukumbi wa soko la Ikonge, kwenye pazia la vitambaa vinne vya amerikani. Mkewe, Bathsheba, ndiye aliyeviunga kwa mishono isiyoonekana. Alifariki akiwa amebakiza wa tatu. Momanyi akaushona mwenyewe, vibaya, ukawa unakata katikati nyuso za watu wa kwenye picha.

Mchana mmoja alifunga madirisha ya ukumbi ajaribu picha. Uso ukakatika tena, akazima mashine. Gizani, nyuma ya pazia, akasikia uzi ukivutwa polepole.

“Bathsheba, pumzika,” alisema. “Nitaufumua niurudie mwenyewe.”

Uzi ukaendelea kuvutwa.

Alipofungua dirisha hapakuwa na mtu. Mshono wa tatu haukuonekana tena, kama ile miwili ya kwanza. Mwishoni mwa uzi ilining'inia sindano, bado ikibembea.