Disketi za Antoni

Ndugu zangu, sikilizeni yaliyompata Vestina, mchapaji wa ofisi moja ya kuhudumia wakimbizi pale Shanwe, mjini Mpanda, mwaka 1999. Msiwe wepesi wa kumlaumu, maana wengi wetu tungefanya kama yeye.

Asubuhi zake zilikuwa tulivu. Alifungua ofisi, akafuta vumbi kwenye kompyuta, akachapa barua mpaka mchana. Kilichomkosesha raha ni kaka yake, Antoni. Walibaki wawili tu baada ya wazazi kufariki, na Antoni alikuwa na mwaka wa sita Dar es Salaam, akifundisha kompyuta, bila kurudi hata mara moja. Kuandika barua nako hakukuwa tabia yake.

Mwezi wa Julai Antoni akamtumia disketi kwa treni. Ndani mlikuwa na programu ya wanasayansi wa ng'ambo, walioomba watu wajitolee kuwaazima kompyuta zao zichambue mawimbi ya redio kutoka angani. Kompyuta ikimaliza kipande kimoja cha mawimbi hayo, Vestina angerudisha disketi, naye Antoni angewatumia wanasayansi majibu na kumletea kipande kingine. Kila disketi ilikuja na barua.

"Ipange ifanye kazi pale tu kompyuta inapopumzika," aliandika Antoni. "Ukianza kuchapa, yenyewe inasimama. Ila umwombe bosi wako ruhusa kwanza."

Vestina hakuomba, kwa kuogopa kukataliwa. Hata hivyo, miezi miwili ilipita bila mtu kuumia. Lakini kwa mpango ule kipande kimoja kilichukua wiki mbili, na wiki mbili bila barua zilimchosha roho. Septemba akabadilisha, akaamuru programu ifanye kazi muda wote.

Kompyuta ikawa nzito. Alibonyeza herufi, akangoja itokee. Mkuu wa ofisi, Mzee Yotham, alipouliza, Vestina alijibu, "Imezeeka, Mzee."

Jumanne moja wakafika watu kumi na wawili kuchukua vibali vya kusafiri kwenda Kigoma. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Capitoline, mjane kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba. Mwanawe Apollinarie, aliyepotezana naye vitani mtoto akiwa na miaka tisa, alikuwa ameonekana kambini huko, na Ijumaa angeondoka kwenda Kanada pamoja na familia iliyomlea.

Capitoline alikunjua shati alilomshonea kwa kukisia. "Ana kumi na tano sasa. Mabega yatakuwa haya, mwanangu?"

"Yatakuwa hayo, mama."

Vestina angeweza kuizima ile programu tangu asubuhi. Lakini kipande kilikuwa kimefika asilimia tisini na saba, na treni ya mchana ndiyo ingebeba disketi. Akaiacha. Vibali kumi na kimoja vikatoka kwa taabu. Kwenye cha kumi na mbili, skrini ikaganda. Akazima, akawasha upya, na kompyuta ikiwa bado inaamka, honi ya treni, ile ile ambayo Capitoline alipaswa kuipanda, ikasikika ikiondoka stesheni.

Capitoline alisafiri kwa treni ya Alhamisi. Alifika kambini Jumamosi.

Wiki iliyofuata alipita ofisini. "Walishaondoka," alisema. "Nimeonyeshwa kitanda alicholalia."

Vestina alishindwa kumtazama. "Mama, kompyuta haikuganda kwa uzee. Ni mimi." Akamweleza yote, Mzee Yotham akisikia.

Capitoline akamuuliza, "Na huyo kaka yako, amekuja?"

"Hajaja, mama."

"Basi tumewakosa wote wawili," alisema, akaondoka taratibu.

Mzee Yotham alimpa Vestina onyo la maandishi. Programu hakuifuta. Alisema kusaidia wataalamu si vibaya, ila ifanye kazi kompyuta ikiwa imepumzika tu, na akawa anaikagua mwenyewe kila asubuhi.

Funzo

Wapendwa, kujitolea ni jambo jema, lakini jitolee kilicho chako. Ukitumia chombo cha kazi, omba ruhusa, na uhakikishe kazi iliyokileta ndiyo inayotangulia. Tena chungeni hamu ya moyo. Vestina hakuwa mtu mbaya. Alimkumbuka nduguye tu. Lakini aliharakisha barua yake, na mama wa watu akachelewa kumwona mwanawe.