Sifuri ya Duara Namba Nne

Saa nane mchana kompyuta iliandika sifuri, na jozi saba za ndara bado zilikuwa mdomoni mwa duara, shimo la dhahabu.

Nasrin alizihesabu tena. Pale machimboni Makongolosi mchimbaji huvua ndara juu, huvaa buti, hugonga kadi, hushuka. Akitoka hugonga tena. Programu aliyoiandika Nasrin mwenyewe hupitia majina na kusema wangapi wamebaki chini. Ikisema sifuri, Sosthenes, fundi baruti, hulipua. Na Anwari, mume wa Nasrin, alikuwa chini.

"Sifuri hiyo, shemeji," alisema Sosthenes, kidole kwenye kitufe. Watu wengine bwana, kompyuta ikiwaambia wamekufa watatafuta sanda.

"Koma! Na ndara hizo ni za mbuzi?"

Harufu ya udi ikapanda kutoka shimoni.

"Mwenye dhahabu anataka mtu," Sosthenes alinong'ona, akimtaja jini anayesemekana kulinda dhahabu.

"Mwenye dhahabu anajua programu?" alifoka Nasrin, akiifungua programu yake. Kosa lilikuwa lake. Aliyapitisha majina kwenye mzunguko wa kuhesabu kwa alama ya paipu, kile kijistari cha wima, na paipu huupa mzunguko chumba chake cha kumbukumbu; mle ndani idadi ilipanda hadi saba, mzunguko ulipokwisha ikafa na chumba chake, nje ikabaki sifuri ya mwanzo. Akaondoa paipu, mzunguko ukasoma faili la majina moja kwa moja.

Saba.

Wakaitwa kwa redio. Wakapanda kwa kamba mmoja mmoja, wametota matope, wakigonga kadi, na wa mwisho akatoka Anwari, buti zake kavu, akagonga kadi yake, akaja kusimama ubavuni mwa mkewe, na harufu nzito ya udi ikaja naye.

Kompyuta ikaandika: Moja. Anwari.

"Bado mbovu hiyo," yule mwanamume alitabasamu. "Mwambie Sosthenes alipue."

Redio ikakwaruza, sauti ya Anwari ikatoka. "Mama Zuena, kamba imekatika. Mbona hamnivuti?"

Nasrin alichomoa ufunguo wa kisanduku cha kulipulia baruti, akautia kifuani.

"Sosthenes, shusha kamba nyingine. Aliyeko chini ndiye wangu."

Yule wa ubavuni hakukasirika. Aliinama sikioni mwake, akasema kwa sauti ya Zuena, binti yao wa miaka minne waliyemwacha kwa bibi yake Mbeya:

"Bibi, fungua mlango. Baba amerudi."

Nasrin aligeuka. Hapakuwa na mtu.