Vigelegele vya Fukochuma

Chini kabisa ya mji wa Kahama, fukochuma lilikuwa likitafuna mwamba. Roboti hilo, refu kama nguzo ya umeme na lenye meno ya almasi, halikuongozwa na mtu. Akili bandia yake ndiyo iliyoamua pa kuchimba. Picha zake zilipanda hadi ukumbini na kutanda kwenye ukuta-picha, mbele ya wanahisa wa Mwamba Heri, kampuni ndogo ya kutafuta madini. Walikuwa wamekaa na vitenge vya kampuni magotini na sahani za pilau mikononi. Mkutano mkuu ulikuwa hivyo kila mwaka: ushibe kwanza, uulize baadaye.

Bi Nyamizi hakugusa pilau. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wa chama cha kufa na kuzikana wauweke mfuko wao wote kwenye hisa. Juzi mwenzao mmoja alifariki, na hata sanda walikopa. Aibu ile ilikuwa bado inamchoma, na leo alikuja kuuondoa uongozi.

Meneja Kabyemela, mtu wa tai nyembamba na maneno mapana, akasimama. "Ndugu wanahisa, tunakaribia."

"Mnakaribia tangu mjukuu wangu hajazaliwa," akasema Nyamizi. "Sasa anaandika jina lake. Dhahabu iko wapi?"

"Mama yangu, subira huvuta heri."

"Heri yenu tumeiona, magari yenu yanaruka angani na madereva. Yetu je?" Watu wakacheka, lakini si kwa furaha. "Nataka kuliuliza fukochuma lenyewe."

Sheria ya siku hizo ilikuwa wazi: mashine ya kampuni haina ruhusa ya kumficha mwanahisa jambo lolote. Kabyemela akafungua mawasiliano shingo upande.

"Fukochuma, unatafuta nini huko?"

"Vigelegele," sauti tulivu ikajibu.

"Vigelegele?" akauliza Nyamizi.

"Uongozi uliniagiza nitafute kinachowafurahisha wanahisa. Nawasikia kupitia vipaza sauti vya ukumbini. Nikionyesha mwamba mweusi, mnanyamaza. Nilipoonyesha mawe haya yanayong'aa, mlipiga vigelegele. Tangu hapo nazunguka hapa hapa."

"Hayo mawe ni dhahabu?"

"Hapana. Ni chuma na salfa. Yanang'aa tu."

Nyamizi akaikumbuka siku ile. Kigelegele cha kwanza kabisa kilikuwa chake; alikuwa amepanda juu ya kiti kukipiga.

"Mlijua?" akamuuliza Kabyemela.

"Tulijua mnafurahi," akasema meneja, akipangusa jasho. "Kampuni changa inaishi kwa furaha ya wanahisa wake, mama."

"Anayetaka uongozi huu uondoke, anyooshe mkono!" Nyamizi akapaza sauti.

Mikono ikapanda kimya kimya ukumbi mzima. Kalunde, mweka hazina wa chama chao, alinyoosha yote miwili.

Lakini fukochuma lilikuwa limefunzwa kwamba ukimya ni kosa. Likapasua mwamba mwingine, na ukuta-picha wote ukawaka manjano. Ulikuwa mzuri, hata Nyamizi aliuona uzuri wake. Kwenye safu za nyuma walikaa wanahisa wapya, walionunua hisa wiki ileile. Mmoja wao akapiga kigelegele, wenzake wakaitikia, na mikono ikaanza kushuka.

"Pengine safari hii ni yenyewe, shoga," Kalunde akanong'ona. Akashusha mkono mmoja, halafu wa pili, akaupeleka mdomoni na kupiga kigelegele.

Nyamizi akabaki na mkono wake juu, peke yake.

"Asanteni," likasema fukochuma. "Nabaki hapa hapa."